Filamu ya rangi ichaguliwe kwa karatasi, sio kwa skani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu filamu za rangi na jinsi watu wanavyozirudia, nimefurahi sana tu, ila kuna jambo limenikaa rohoni. Filamu zote mlizozisifia mmezipima kwa picha zilizoskaniwa. Sasa sisi tunaosafisha picha wenyewe gizani, tunaopitisha mwanga kwenye negativu mpaka ufike kwenye karatasi, tunasoma ushauri huo, tunanunua filamu, halafu tunaharibu karatasi mpaka basi.

Shida iko hivi. Ukiskani, kompyuta inakunyooshea kila kitu, bluu ya kivulini unaipunguza peke yake bila kugusa sehemu zenye mwanga, kontrasti, yaani tofauti ya giza na mwanga, unapandisha unashusha unavyotaka. Kwenye mashine ya kukuzia picha una filta ya njano na ya majenta, basi, na ukiigeuza moja imegeuza picha nzima. Halafu karatasi za rangi za RA-4, yaani zinazosafishwa kwa dawa za jina hilo, hazina gredi (viwango vya kontrasti vya kuchagua) kama zile za picha nyeusi na nyeupe, kontrasti ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Yaani kontrasti yako umeshainunua pale uliponunua filamu, na hilo ndo watu hawaambiwi.

Chukua Ektar 100, filamu ya Kodak. Kwenye skani inavutia kweli, rangi zimekolea na chembe za filamu huzioni. Mimi niliipigia mtu aliyekaa kivulini na mwanga nikaupunja kidogo, nikaenda kuchapa nywele na koti vikatoka na bluu. Nikapunguza njano kwenye filta, bluu ikapungua lakini uso ukawa wa njano kama wa mgonjwa, nikairudisha njano uso ukapona koti nalo likarudi kwenye bluu yake, na usiku ukaisha hivyo. Negativu ile haikuwa na dawa. Ukiipunja filamu mwanga zile tabaka tatu za rangi haziendi tena sambamba kule kwenye vivuli, na hakuna filta ya kuzipatanisha.

Portra 160 na 400, nazo za Kodak, ni laini zaidi kwa kontrasti, zimetengenezwa zikifikiria ngozi za watu, na zinavumilia mwanga mwingi vizuri sana. Ile 400 mimi naipiga kama 200, yaani naipa mwanga mara mbili, na vivuli vinajaa, kuchapa kunakuwa rahisi. Lakini siku ya mawingu Portra hiyohiyo inaweza kupooza kwenye karatasi, na hapo Ektar uliyoipa mwanga wa kutosha, au hata Gold 200 ya Kodak, inakuokoa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza filamu ipi ni bora uliza kwanza unaenda kupiga kwenye mwanga gani.

Na ile rangi ya machungwa kwenye negativu sio uchafu jamani. Imewekwa kusahihisha kasoro za rangi za majenta na sayani zilizomo kwenye filamu, na karatasi imetengenezwa ikiitegemea. Phoenix 200, filamu ya kampuni ya Harman iliyotoka Desemba 2023, haina rangi hiyo. Unaweza kuweka kwenye droo ya filta kipande cha filamu ya kawaida iliyosafishwa bila kupigwa picha, inasaidia upande wa filta, ila kontrasti yake kali inabaki palepale. Filamu za sinema ndo kinyume chake, negativu yake ni laini makusudi kwa sababu huchapwa kwenye filamu ya maonyesho yenye kontrasti kubwa, ukiisafisha kwa dawa zake za ECN-2 halafu ukaiweka kwenye karatasi yetu picha inalala.

Anayeanza mimi namwambia ashike filamu moja na karatasi moja kwa miezi kadhaa, na kila roli fremu ya kwanza apige kadi ya kijivu. Akishapata namba za filta zinazoitoa kadi ile ikiwa kijivu kweli, roli inayofuata ya filamu ileile anaanzia hapohapo, anaokoa karatasi nyingi.

Ombi langu kwenu Mhariri, mkiandika tena kuhusu filamu, chini ya kila picha mseme imeskaniwa au imechapwa kwa mashine, na angalau picha moja ya kila filamu iwe imechapwa kwenye karatasi.

Msomaji wenu wa siku nyingi