Shoga, muuaji wako kachelewa kuja

Vuga, Unguja

Kwako shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo sote, mama anakusalimu. Hadithi yako ya upelelezi imenifika, nimeisoma mpaka umeme ukakatika, nikaimalizia kwa tochi ya simu. Sasa nina ugomvi na wewe.

Tajiri wa karafuu anakutwa kafa ghalani, mlango umekomelewa kwa ndani. Hapo ulinikamata. Nikamshuku mpwawe, nikamshuku mchukuzi, hata yule mke mdogo anayelia kupita kiasi. Halafu ukurasa wa mwisho anashuka mtu melini kutoka Tanga, hatujapata kumsikia, ati ndiye aliyeua! Hapana, shoga. Mwaka 1929 padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, naye mtunzi wa hadithi hizi, aliziwekea amri kumi, na ya kwanza ndiyo hiyo: mhalifu atajwe mapema. Msomaji anashindana na mpelelezi, sasa atashindana vipi na mtu aliyefichwa?

Ya pili inatuhusu zaidi sisi wa visiwani: jini haliwi jawabu. Watu wako wa Wete waache waseme ni jini, na mganga aje na chetezo chake, tena mpe nafasi, maana muuaji anajificha nyuma ya hofu ile ile. Muhammed Said Abdulla alilijua hilo tangu Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, na mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake anamtafuta binadamu.

Dalili unayo tayari, ila umeipita. Mpwa anasema karafuu alizianika siku ile ile zilipochumwa. Lakini mwenyewe umeandika kwamba zile za ghalani zimepauka. Mpemba gani asiyejua kuwa karafuu mbichi zikilundikwa huvunda zikapauka? Basi kaongopa, hazikuona jamvi zile. Alikuwa wapi siku hiyo? Iweke rangi hiyo kati ya maneno ya bei na mizani, mtu aione aipite. Usiipigie mstari.

Msimulizi wako naye, yule rafiki wa mpelelezi, ana akili mno. Knox alitaka rafiki wa mpelelezi awe mzito kidogo kuliko msomaji wa kawaida, na asifiche anachowaza. (Agatha Christie aliichezea amri hiyo 1926, kabla haijaandikwa. Sikwambii vipi, kitabu nitakuazima.)

La komeo utajua mwenyewe. Ila usinitobolee njia ya siri ukutani: Knox aliruhusu moja tu, mimi nakunyima hata hiyo.

Ukishaandika upya, kurasa mpe yeyote anayepanda boti kuja huku. Na jina la muuaji usinitajie kwenye simu, nakujua ulivyo.

Wako,
Shoga yako wa Vuga