Kuhama nyumba kubwa msisubiri mpaka mtu aanguke

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi na mzee wangu tumebaki wawili kwenye nyumba ya vyumba sita, watoto washaoa na kuolewa, na kila anayekuja anauliza mnahama lini. Mi naona wengi wanangoja mpaka mtu ateleze bafuni au ngazi zimshinde ndo wanaanza kukimbizana, hapo sasa huhami, unahamishwa. Bora uamue ukiwa bado na nguvu za kupanga maboksi mwenyewe.

Sisi tulifunga vyumba vinne miezi mitatu, tukaishi kwenye viwili na jiko tuone tutakosa nini. Tulikosa meza kubwa tu, basi. Ila siku nilipofungua chumba cha kitinda mimba kufuta vumbi nikakuta zile alama za penseli mlangoni, urefu wake mwaka hadi mwaka, nikakaa chini nikalia. Hapo ndo pagumu jamani, sio kwenye hela.

Na nyie watoto msiwasukume wazazi, hasa mama akiwa ndo kwanza amefiwa na mume, mwacheni apumue. Sisi tumeshaamua, fundi nimemwambia ule mlango aung'oe, tunaenda nao.