Barua ya Wazi kwa Mjomba: Toni Kukoč Hakubebwa

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na wote nyumbani mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu maneno uliyoyasema tulipokutana si yako peke yako. Nimeyasikia kwa wapenzi wengi wa mpira wa kikapu wa rika lako, wanaoshikilia kwamba Toni Kukoč, yule Mkroatia aliyechezea Chicago Bulls katika ligi ya Marekani, NBA, alibebwa, na kwamba mtu yeyote angepata pete tatu za ubingwa kama angecheza pamoja na Michael Jordan na Scottie Pippen. Wewe ndiwe uliyenifundisha mchezo huu, kwa hiyo nakujibu kwa heshima zote, lakini katika hili sikubaliani nawe.

Hesabu yako inaanzia Chicago, na hapo ndipo njia zetu zinapoachana. Kukoč alizaliwa tarehe 18 Septemba 1968 katika mji wa Split, kwenye pwani ya bahari ya Adriatiki, wakati Kroatia ingali sehemu ya Yugoslavia. Utotoni alicheza tenisi ya meza na kandanda kabla ya kuingia kwenye kikapu, nami huamini kwamba ule wepesi wa mikono na miguu alitoka nao huko. Mwaka 1987, katika mashindano ya dunia ya vijana yaliyofanyika Bormio, Italia, alitupa mitupo 12 ya pointi tatu dhidi ya Marekani, na 11 ikaingia. Alikuwa kijana wa miaka 18 mwenye kimo kinachozidi mita mbili, ambaye makocha wengi wa siku zile wangemwamuru asimame chini ya goli agombee ribaundi, yaani mipira iliyokosa kuingia. Yeye alisimama mbali na kutupa kwa mkono wake wa kushoto bila wasiwasi wowote.

Klabu yake ya nyumbani, Jugoplastika, ilitwaa ubingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo: mwaka 1989 mjini Munich ilipoifunga Maccabi Tel Aviv, mwaka 1990 mjini Zaragoza na mwaka 1991 mjini Paris, mara hizi mbili za mwisho ikiifunga Barcelona. Ilikuwa timu ya vijana, wengi wao wakiwa na majina ambayo Ulaya ilikuwa bado haijayazoea, akiwemo Dino Rađa aliyekuja kuichezea Boston Celtics. Kukoč alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho mwaka 1990 na 1991. Katikati ya hapo akatwaa ubingwa wa dunia na Yugoslavia kule Buenos Aires, na huko pia akawa mchezaji bora wa mashindano. Kisha akahamia Benetton Treviso ya Italia, akaifikisha fainali ya Ulaya ya mwaka 1993, ambapo walifungwa na Limoges iliyofundishwa na Božidar Maljković, kocha aliyekuwa naye Split. Timu yake ilishindwa, na bado tuzo ya mchezaji bora alipewa yeye. Nakuuliza kwa adabu, Mjomba: katika miaka hiyo yote, nani alikuwa amembeba?

Najua utanitajia Barcelona, Olimpiki ya mwaka 1992, na ni haki yako. Meneja wa Chicago Bulls, Jerry Krause, alikuwa amemchagua Kukoč tangu mwaka 1990, katika utaratibu wa klabu za NBA kuchagua wachezaji wapya, na alikuwa akimsifu mno, ilhali Pippen alikuwa akilalamikia mkataba wake mwenyewe. Basi Kroatia ilipokutana na Marekani kwa mara ya kwanza, Jordan na Pippen walimfuata Kukoč kila alikokwenda, wakamnyima hata nafasi ya kupokea mpira kwa utulivu, akamaliza na pointi 4 tu. Wengi waliishia hapo katika kumhukumu. Mimi huwaomba waendelee mpaka fainali, siku chache baadaye, dhidi ya watu walewale. Kroatia ilifungwa 117 kwa 85, hilo halina ubishi, lakini Kukoč alifunga pointi 16 na kutoa pasi 9 za kufungisha. Aliyeaibishwa mbele ya dunia nzima alirudi uwanjani kuwakabili walewale waliomwaibisha, akacheza mchezo wake. Na usisahau kwamba alivaa jezi ya nchi iliyokuwa vitani, katika Olimpiki ya kwanza ya majira ya joto ya taifa lake.

Alipotua Chicago mwaka 1993, Jordan alistaafu kabla ya msimu kuanza. Yule anayedaiwa kumbeba hakuwepo. Tarehe 13 Mei 1994, katika mchezo wa tatu wa mfululizo wa mtoano dhidi ya New York Knicks, matokeo yalikuwa 102 kwa 102 na zilibaki sekunde 1.8. Kocha Phil Jackson aliamua kwamba mtupo wa mwisho apewe Kukoč, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza. Pippen, nyota wa timu, alichukizwa na uamuzi huo akakataa kurudi uwanjani, akabaki kwenye benchi. Simlaumu sana Pippen, kwani alikuwa ameibeba timu mwaka mzima; ninachokuomba ni umtazame huyo mgeni. Anajua kwamba mkubwa wa timu amekaa chini kwa sababu yake. Pete Myers anarusha mpira kutoka pembeni, Kukoč anaupokea huku amelipa goli mgongo, anageuka na kutupa juu ya mkono wa mlinzi. Ukaingia, Bulls wakashinda 104 kwa 102. Kwa miaka mingi watu wamezungumzia zaidi aliyekaa kuliko aliyefunga, na hilo naliona kuwa dhuluma.

Jordan aliporejea na Dennis Rodman kusajiliwa, Kukoč alikubali kuanzia benchi. Msimu wa 1995–96 Bulls walishinda michezo 72 na kupoteza 10, naye akapewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba wa ligi nzima. Mtu aliyekuwa mfalme wa Ulaya alisubiri zamu yake, na zamu ilipofika aliitumia vizuri. Mwaka 1998, katika mchezo wa saba, wa kuamua nani aingie fainali, dhidi ya Indiana, siku ambayo mitupo mingi ya Jordan ilikataa kuingia, Kukoč alifunga pointi 21 na Bulls wakapita kwa 88 dhidi ya 83. Bila siku hiyo, pete ya sita ya Jordan isingekuwepo. Katika mchezo wa tano wa fainali dhidi ya Utah alifunga pointi 30, akiingiza mitupo 11 kati ya 13, ingawa walipoteza kwa pointi mbili.

Baada ya kikosi kile kuvunjwa, yeye alibaki. Msimu wa 1998–99 ndiye aliyeongoza Bulls kwa pointi, ribaundi na pasi, katika timu iliyoshinda michezo 13 tu kati ya 50. Mwaka 2000 alipelekwa Philadelphia, na mwaka uliofuata akapelekwa Atlanta katika mabadilishano yaliyomleta Philadelphia yule Mkongo wetu, Dikembe Mutombo, unayempenda sana. Alimalizia Milwaukee mwaka 2006, na mwaka 2021 akaingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa mpira wa kikapu.

Kama bado una shaka, nakuomba utafute fainali ya mwaka 1990 kati ya Jugoplastika na Barcelona uitazame yote, si vipande vyake tu, na umfuatilie yeye hata pale asipokuwa na mpira. Kisha nipigie simu unieleze ulichokiona. Hata ukiendelea kunipinga, nitakusikiliza.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi mpwa wako.