Risala ya Wana Kidumbak kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kufungua Darasa la Watoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha wa shehia yetu,
Mwalimu Mkuu na walimu wa skuli iliyotupa uwanja huu,
Wazee wetu wa ngoma, wazazi, wanafunzi,
Mabibi na mabwana,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima tukakutana jioni hii. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wa kikundi kidogo kama chetu. Tumeusiwa risala isiwe ndefu, maana vidumbak, vile vingoma vyetu vya chungu, vimeshapashwa moto na ngozi ya mbuzi haimngoji katibu amalize kusoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sisi ni kikundi cha kidumbak cha mtaa, hapa Ng'ambo, Unguja. Mali yetu yote umeiona pale kwenye mkeka: fidla, sanduku la uzi mmoja, vidumbak viwili, mkwasa, yaani vijiti vya kugonga mwendo, na cherewa, yale mafuu ya nazi yenye mbegu ndani. Ukiongeza mwimbaji na waitikiaji, shughuli imekamilika. Kwa vyombo hivyo tunachezesha harusi tangu watu wameswali isha mpaka wachoke wenyewe, na kina mama wa mtaa huu, tunasema mbele yao, si wepesi wa kuchoka.

Kwa kuwa wapo wageni waliotoka mbali, tuseme kidogo kidumbak inasimama wapi. Taarab kubwa ina historia iliyoandikwa. Inajulikana kuwa Sultani Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, aliilea katika kasri lake. Inajulikana kuwa klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa iliundwa 1905, na kwamba Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliimba kwa Kiswahili hadi akapelekwa Bombay kurikodi sahani za santuri mwaka 1928. Kidumbak haikupata kasri wala mwandishi. Ilikaa uani, Ng'ambo na shamba, ikachukua nyimbo za taarab zilizokuwa zikivuma, ikazitia ngoma zaidi na maneno ya wazi zaidi. Lile ambalo mshairi wa taarab hulifunika kwa fumbo la waridi na asali, mwimbaji wetu hulisema kama lilivyo, na mwenye kuguswa huwa anajijua.

Lakini hizi si nyumba mbili zilizogombana. Mafundi wengi walianza na cherewa uani kabla ya kuvaa suti na kukaa kwenye safu ya fidla klabuni. Makame Faki, ambaye watu walimwita Sauti ya Zege, alikuwa nguzo ya Culture Musical Club, klabu iliyoanzishwa 1958, na huku akikiongoza kikundi cha kidumbak cha Sina Chuki. Mtu mmoja, fidla moja, mahali pawili.

Tofauti kubwa ni ya viti. Kwenye taarab msikilizaji hukaa, hulisikiliza shairi, likimgusa huinuka taratibu akaenda kumtunza mwimbaji. Kwenye kidumbak kiti ni cha mgonjwa na cha mtu mwenye mtoto mchanga. Na hapa ndipo lilipo neno letu la leo: kidumbak ni muziki wa kuchezwa, na asiyeufanya uchezwe hajaujua, hata akizipiga sauti zote sawasawa.

Turuhusu tueleze. Nyimbo za kidumbak hazipigwi moja ikaisha ndipo ikafuata nyingine. Zinaunganishwa, mwendo haukatiki, na mkupuo mmoja unaweza kufika saa nzima. Hakuna karatasi inayosema baada ya wimbo huu unakuja upi. Mwimbaji analitazama duara. Akiona miguu imeanza kuwa mizito, humwangalia mpiga fidla. Mpiga fidla hukishika kipande kifupi cha sauti tatu au nne, akakirudia, akakirudia tena, mpaka vidumbak vizidi kuchemka chini yake. Mtu wa mkwasa habadilishi kitu, maana yeye ndiye anayewashikia wenzake njia. Duara likiamka, mwimbaji huangusha beti la wimbo mwingine kabisa, na wachezaji wanakuwa wameshaingia kabla hawajajua kuwa wimbo umebadilika. Ufundi wote uko hapo, kwenye kile kivuko. Anayeuamua wakati wake ni kiuno cha mama aliye katikati ya duara, si sisi.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtoto atajifunza wapi jambo hilo?

Hatuna uhaba wa kuitwa. Hoteli zinatuita, na hatutazikebehi, maana malipo yake ndiyo yanayonunua nyuzi. Ila kule tunaambiwa dakika ishirini, kwa sauti ya chini, watu wanakula. Wimbo mmoja, makofi, wimbo wa pili, makofi, ahsanteni. Kijana aliyekulia kwenye kazi hizo anajua wimbo unaanzaje na unaishaje. Mpeleke harusini umwambie aunganishe, atakutazama wewe badala ya kulitazama duara. Jukwaa la tamasha nalo ni heshima, na tunafurahi kila Februari vikundi vya ngoma zetu vinapopata nafasi kwenye Sauti za Busara. Lakini jukwaani taa inakupiga machoni. Humwoni anayecheza.

Harusi zenyewe zimebadilika. Mwenye shughuli anapiga hesabu: kijana mmoja na kompyuta yake, au mwenye kinanda na mwimbaji wake, dhidi ya sisi watu sita au saba tunaotaka usafiri na chakula. Tunamwelewa, nasi pia tunaoza watoto wetu. Muziki wa flashi haunyimi watu kucheza, hilo tunalikubali. Unachowanyima ni kujibiwa. Mama anaweza kucheza mpaka jasho limtoke, flashi haitamrudishia kitu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Ndiyo maana tumelifungua darasa hili, na tumelifungua uwanjani, si chumbani. Kwa anayetaka kusoma nota na nadharia, Unguja ina DCMA, chuo cha muziki kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, na wapo watoto wa mtaa huu tungependa siku moja wafike huko. Darasa letu ni la kabla ya hapo. Mtoto anaanza kwa kucheza. Kisha anapewa cherewa, halafu mkwasa. Haruhusiwi kugusa fidla mpaka aweze kuushika mwendo bila kuyumba huku wenzake wakimchekesha kwa makusudi. Wazazi wengine wamelalamika kuwa tunawachelewesha watoto. Tunawaomba radhi, na tutaendelea kuwachelewesha.

Yupo binti mmoja wa darasa la sita, hatumtaji jina asije akavimba kichwa. Yeye amelichagua sanduku. Utamwona punde. Sanduku lina uzi mmoja unaotoka katikati ya boksi mpaka kwenye ncha ya mti. Mkono mmoja unadonoa uzi, mwingine umeushika mti. Akiuvuta, uzi unakaza na sauti inapanda, akiulegeza, inashuka. Hapana alama yoyote kwenye ule mti inayomwambia sauti ilipo, anaitafuta kwa sikio na kwa bega. Wazee wawili walinong'ona kuwa hiyo ni kazi ya wanaume. Walipomsikia walinyamaza, na mmoja wao sasa ndiye anayemchubulia mti.

Boksi lenyewe lina kisa chake. Zamani sanduku lilikuwa sanduku kweli, lile la mbao nyembamba lililosafirishia majani ya chai. Siku hizi chai inasafirishwa kwenye mifuko ya karatasi, na masanduku yale hayaonekani tena. Tunajitengenezea kwa plaiwudi. Ikiwa nene sana, sauti inazimika ndani. Ikiwa nyembamba sana, siku moja katikati ya harusi uzi unang'oka na kipande cha mbao. Fundi seremala wetu amelipata kadiri yake baada ya kuharibu mbao nyingi, na yuko tayari kuwatengenezea watoto masanduku madogo akipatiwa mbao.

Fidla ndiyo inayotusumbua zaidi. Chombo hiki hakikuzaliwa kwa hewa yetu. Joto na unyevu wa masika vinailegeza gundi, na chumvi ya bahari inakula nyuzi. Singa za upinde zikikatika, mtu wa kuzifunga upya ni wa kumtafuta. Fidla yetu ina mshono mmoja ubavuni ambao umegandishwa mara nyingi kiasi kwamba gundi sasa ni nyingi kuliko mbao. Bado inalia vizuri. Ila ni moja, na ni ya mtu mzima. Mtoto wa miaka tisa akiishika, mkono haufiki mwisho wa shingo yake.

Kwa hivyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu. Tunaomba msaada wa kupata fidla za kimo cha watoto, hata zikiwa zilizotumika, pamoja na nyuzi za akiba. Tunaomba plaiwudi kwa fundi wetu. Vidumbak hatuviombi, mfinyanzi wa vyungu vyake yupo, ngozi zipo na kuwamba tunajua.

Ombi kubwa halihitaji fedha. Tunaomba utusaidie kupata ruhusa ya kudumu ya uwanja huu, jioni moja kila mwezi isipokuwa Ramadhani, baada ya alasiri na kumaliza kabla ya magharibi, bila kiingilio. Kikundi kimesajiliwa BASSFU, baraza linalosimamia sanaa Zanzibar, na wazazi wamekubali kusimamia nidhamu. Hatutaki jukwaa lijengwe, wala viti vipangwe. Tunataka mahali ambapo mtoto mwenye fidla atatazamana na watu wanaocheza, akosee mbele yao, waondoke kwenye duara akiwachosha na warudi akiwapata. Kina mama wa shehia wameahidi kuja. Wametuambia pia kuwa watoto wakipiga vibaya watawaambia papo hapo, nasi tunawaamini kwa hilo.

Tunafahamu yapo maswali kuhusu maadili. Kidumbak ina sifa ya maneno makali na viuno, na hatutajifanya haina. Watoto wanafundishwa beti zinazowafaa, na ngoma za watu wazima zitabaki na wakati wake, usiku, kwenye shughuli za watu wazima. Walimu wa skuli wamezipitia beti hizo zote. Mbili walizikataa. Tunadhani moja waliionea, lakini tumetii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Watoto wako tayari. Watapiga mkupuo mmoja wa nyimbo tatu zilizounganishwa, na kivuko cha pili bado kinawasumbua, kwa hiyo wakiyumba hapo usishtuke. Itifaki inasema mgeni rasmi abaki meza kuu. Tumezungumza na Mheshimiwa Sheha, naye amekubali kukulindia kiti chako, na kina mama wameshakuachia nafasi duarani, upande wa sanduku.

Tunaomba kuwasilisha.

Mapinduzi Daima!

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi