Miwani pekee haifundishi mkono kuchonga jino

Mhariri,

Tumefurahi kuona vyuo vya udaktari wa meno vinazungumzia uhalisia pepe, yaani mazoezi kwenye mazingira yaliyotengenezwa na kompyuta, ila kuna vitu viwili vinavyochanganywa, na fedha za umma zinaweza kupotelea hapo. Miwani ya kuvaa machoni humwonyesha mwanafunzi hatua za kazi. Kinachofundisha mkono ni mashine yenye drili iliyofungwa kwenye mtambo unaorudisha ukinzani kwenye vidole.

Chukueni zoezi la mwanzo kabisa: kuchonga tundu la kuziba kwenye gego la kwanza la chini, kina kama milimita 2, ncha ya drili ivuke enameli, tabaka gumu la nje la jino, na kuingia kidogo tu kwenye dentini, tabaka la chini yake. Enameli hugoma. Dentini ni laini zaidi, na drili inapoifikia huzama ghafla, kama keekee ya seremala iliyovuka fundo la mbao. Asiyejua kuuzuia mkono hapo hutoboa hadi kwenye kiini, sehemu hai ya ndani ya jino. Meno mengi ya plastiki ya kwenye vichwa bandia vya mazoezi yana ugumu uleule juu hadi chini, hivyo mwanafunzi hakutani na mzamo huo mpaka awe na jino la mtu. Mashine kama Simodont, iliyobuniwa kwa ushirikiano na kitivo cha meno cha Amsterdam, humpa mzamo huo mara 20 kwa asubuhi moja bila kuharibu hata jino moja.

Hata hivyo, jino la mashine ni picha tu ya kwenye skrini, nalo haliungui. Drili halisi ya hewa huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika na lazima ipoozwe kwa maji. Kiini kikipanda joto nyuzi 5 au 6 tu, kinaweza kufa. Mwanafunzi aliyezoea kukandamiza kwenye mashine huja kukandamiza drili halisi vilevile: kasi inashuka, jino halikatiki, naye anaongeza nguvu. Kwenye mashine mate hayapo, wala ulimi unaosukuma. Kwa hiyo vichwa bandia, maji na meno halisi yaliyong'olewa na kutakaswa visiondolewe kwenye ratiba; mashine itangulie tu.

Alama nazo zina mtego. Kompyuta huhesabu asilimia iliyochongwa ndani na nje ya eneo lililopakwa rangi, na wanafunzi huishia kuikwangua rangi badala ya kulisoma jino. Rangi izimwe baada ya majaribio machache. Tena, kompyuta inaweza kutoa alama nzuri huku kidole cha pete kikining'inia hewani bila kuegemea jino la jirani. Hilo huonwa na mwalimu aliyesimama pembeni, kwa hiyo asipewe mashine zaidi ya 8.

Miwani nayo ina kazi yake, hasa katika ganzi ya taya la chini. Sindano huingia milimita 20 hadi 25 mpaka iguse mfupa. Ikiukosa na kuendelea nyuma, dawa inaweza kumwagika kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, na nusu ya uso ikalegea kwa saa kadhaa. Kuuona mfupa kupitia nyama kunasaidia sana hapo.

Kabla chuo hakijasaini mkataba, mwalimu wa kliniki aishike drili ya mashine, afumbe macho, achonge. Asipohisi enameli imeishia wapi, mashine hiyo isinunuliwe.

Wahadhiri wa tiba ya meno,
Dar es Salaam