Vitamini B12 imepanda? Usishangilie kwanza

Mteja mmoja mwenye homa ya ini alituwekea karatasi ya majibu mezani hapa maabara, akaweka kidole penye mshale wa juu ubavuni mwa B12, akacheka: "Kumbe vitamini ninazo tele!" Tulitamani kucheka naye.

Ini ndilo stoo kuu ya B12, na akiba yake humtosha mtu mzima miaka kadhaa. Seli za ini zikiumia, humwaga akiba hiyo kwenye damu, na zilizobaki hushindwa kuivuta irudi ndani. Damu inajaa, stoo inakauka. Kwa hiyo mwili unaweza kuwa na njaa ya B12 huku kipimo kikionyesha imezidi. Bila shaka, sindano au vidonge vya B12 navyo hupandisha namba, ndiyo maana tunauliza unatumia nini.

Vitamini A huenda kinyume. Ini huihifadhi, na ini hilohilo hutengeneza protini ya kuibebea kwenye damu. Protini ikipungua, mzigo unaweza kubaki stoo na kipimo kikasoma upungufu. Hapo ndipo watu hukimbilia vidonge. Tunakusihi usivinunue kwa kuangalia karatasi tu, hata kama ni karatasi yetu: vitamini A ikizidi ni sumu kwa ini, tena ini lenye makovu huelemewa upesi.

Vitamini D nayo hupita kwenye ini kubadilishwa, kisha figo humalizia. Kinachopimwa kwa kawaida ni kile kilichotoka kwenye ini, hivyo wagonjwa wengi wa ini huonekana wamepungukiwa.

Ya vitamini K tunaiona kwenye kiti cha kutolea damu. Wengine hubana pamba dakika chache yakaisha. Kwa mwenye ini lililochoka, pamba huweza kulowa tena tukiiachia. Vitamini K huhitaji nyongo ili ifyonzwe tumboni, sawa na A, D na E, halafu ini huitumia kutengeneza protini za kugandisha damu. Kasoro yaweza kuwa kwenye njia au kwenye kiwanda. Daktari huweza kuagiza sindano ya vitamini K, kisha muda wa damu kuganda upimwe tena baada ya saa 24 hivi. Ukirejea karibu na kawaida, vitamini ilikuwa haifiki. Usipobadilika, huenda ini lenyewe limeshindwa kazi.

Kwa hiyo ukija kupima vitamini na una tatizo la ini, au umeona macho yako yamegeuka manjano, tuambie kabla hatujakufunga mpira mkononi. Leta na majibu ya vipimo vya ini ukiwa nayo, pamoja na vidonge unavyomeza, chupa zenyewe, ili daktari wako ayasome yote kwa pamoja.