Nenda kwanza kwa wifi yako

Bukoba, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku hatujambo, mvua zinanyesha na watoto wanakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema tangu ulipomtolea wifi yako maneno makali pale msibani, mbele ya waombolezaji, naye akakuuliza, "Walokole ndio nyinyi?", umenyamaza kabisa. Kwaya umeacha, na zamu yako ya kutoa ushuhuda kwa akina mama umemwachia mwingine. Unaona huna tena mdomo wa kumtaja Yesu.

Ngoja nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia.

Mwaka jana jirani yangu, mwanachama mwenzangu wa kikoba, alisafiri kwenda kumuuguza mama yake, akaniachia marejesho yake, shilingi 180,000, nimfikishie kikaoni. Wiki ile mwanangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nikazitumia, nikijiambia nitazirudisha kabla ya kikao. Sikuzipata. Kikaoni nikakaa kimya, jirani yangu akaandikiwa faini. Aliporudi akaniuliza, nikamjibu kwamba nilikabidhi, labda katibu alisahau kuandika. Katibu wetu ni binti mdogo, hana hata miaka 25. Alisemwa mpaka akalia. Na Jumapili iliyofuata mimi nilisimama kanisani kushuhudia jinsi Bwana alivyoniokoa ujanani!

Ndivyo tunavyoshuhudia wengi wetu. Dhambi tunazozitaja ni za miaka 20 iliyopita, zimeshakauka, hazimgharimu mtu kitu. Ya wiki iliyopita hatuigusi.

Nilikaa na mzigo ule wiki tano. Usiku nilikuwa namkumbuka bibi yangu. Neno hilo alilokurushia wifi yako, walokole, bibi alilibeba maisha yake yote, na wala halikuanza kwa watu wasio na doa. Limetoka kwa Waganda, maana yake waliookolewa. Mwaka 1929 pale Kampala, Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari wa misheni ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari, na wote wawili waliona kuna kitu kimepungua ndani yao. Wakakaa na Biblia, wakaomba. Uamsho uliofuata ulifika hadi huku kwetu Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, na kilichowashangaza watu ni kuona waumini wa kanisani, wabatizwa kabisa, wakirudisha vitu walivyoiba, wakilipa madeni waliyoyakana, wakiwaomba msamaha wake zao. Bibi alikuwa akisema hivyo ndivyo kutembea nuruni.

Festo Kivengere, yule aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, Uganda, alipookoka mwaka 1941 alipanda baiskeli akaenda mbali sana kumwomba msamaha Mzungu mmoja ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia. Hakungoja kwanza apate sifa za mhubiri.

Basi siku ya kikao nikasimama. Nikasema fedha nilizila mimi, na binti huyu nilimsingizia. Nikalipa zile 180,000 pamoja na faini, nikamwomba jirani yangu msamaha, kisha nikamgeukia yule binti. Sikuhubiri. Nilitetemeka tu. Wapo walioguna, na mpaka leo hakuna anayenipa fedha mkononi, nami nakubali kwamba ni haki yao. Jirani yangu bado ananisalimia kwa ufupi.

Lakini baada ya siku kadhaa binti yule alikuja nyumbani jioni. Aliacha kanisa zamani kwa sababu ya mambo aliyoyaona kwa watu kama mimi. Akaniuliza, "Mama, uliwezaje kusema?" Nikamwambia ukweli: sikuweza, niliomba wiki nzima nikilia, nikamwambia Yesu kwamba kama hanishiki mkono siendi. Tulizungumza mpaka taa za barabarani zikawaka. Hajarudi kanisani, wala simsukumi. Ila miaka yote niliyoimba kwaya sikuwahi kuulizwa swali kama lile.

Mfikirie Petro. Injili zote nne zimesimulia alivyomkana Bwana. Naamini yeye mwenyewe aliisimulia habari ile tena na tena, kila alikokwenda. Na Paulo anaandika kwamba Kristo alikuja awaokoe wenye dhambi, "ambao wa kwanza wao ni mimi." Hasemi nilikuwa, anasema ni mimi.

Kwa hiyo usirudi kwenye kwaya kwanza, wala usiende kutubu mbele ya akina mama, maana hao hukuwakosea. Nenda kwa wifi yako. Usiongeze "lakini na wewe ulinichokoza", hata kama ni kweli. Maneno yale uliyasema mbele ya watu, kwa hiyo mwombe ruhusa umwombe radhi mbele ya ukoo mtakapokutana kumaliza matanga. Akikataa kukupokea, usikasirike. Jeraha ni lake. Akikuuliza kilichokuleta, hapo mtaje Yesu, kwa sentensi moja tu.

Siku utakayokwenda nipigie asubuhi kabla hujatoka, tuombe pamoja kwenye simu. Nitakuwa sokoni, lakini nitasogea pembeni. Na kahawa uliyoniagiza nimeshaipata, kilo 2. Mfungie wifi yako moja.

Nakupenda sana katika Bwana.

Ni mimi, rafiki yako